Garrett Morgan: Mtengenezaji wa kofia za kinga aliyelazimika kuficha uso wake

VIFAA vya kujikinga havina sifa kubwa katika historia. Bunduki, mizinga na manowari huandikiwa vitabu, lakini kofia ya chuma, fulana ya kuzuia risasi na kinyago cha kuzuia gesi hutajwa kwa nadra, ingawa navyo huamua nani atarudi nyumbani na nani atazikwa.

Miongoni mwa watu waliotumia akili na mali yao kutengeneza vifaa vya aina hiyo ni Garrett Augustus Morgan, Mmarekani Mweusi aliyekuwa meneja mkuu wa kampuni ya kutengeneza kofia za kumkinga mtu na moshi na gesi mwanzoni mwa karne ya 20. Kofia hizo hazikuwa silaha. Kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kumwezesha mtu kupumua mahali ambapo mwingine angekufa.

Hata hivyo, maisha ya Morgan yanakumbukwa pia kwa jambo jingine lenye uchungu. Baadhi ya wanunuzi walizipokea kofia zake pale walipodhani kuwa zimetengenezwa na mtu mwingine. Ilipojulikana kuwa mwenye kampuni ni Mweusi, wapo waliofuta oda zao, ilhali kofia zilikuwa ni zile zile.

Morgan alizaliwa Machi 4, 1877 katika kitongoji cha Weusi cha Claysville, jirani na mji wa Paris katika jimbo la Kentucky. Ilikuwa ni miaka 12 tu tangu kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyouvunja utumwa nchini Marekani, na wazazi wake, Sydney na Elizabeth, walikuwa miongoni mwa waliouonja utumwa huo. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto 11.

Elimu yake ya darasani haikuvuka shule ya msingi. Akiwa kijana wa miaka 14 alivuka mto Ohio na kwenda mji wa Cincinnati kutafuta kazi, akaajiriwa kufanya kazi za mikono kwa tajiri mmoja mwenye ardhi. Sehemu ya ujira wake aliitumia kumlipa mwalimu wa kumfundisha kwa muda wa ziada.

Mwaka 1895 alihamia Cleveland, mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie, ambako ndiko alikoishi hadi kufa kwake. Alianza kwa kufagia sakafu katika kiwanda cha nguo. Akiwa humo alijifunza mwenyewe namna cherehani zinavyofanya kazi na namna ya kuzitengeneza zinapoharibika, na haikuchukua muda mrefu akawa fundi anayetafutwa na wenye viwanda.

Mwaka 1901 aliuza ubunifu wake wa kwanza, kifaa cha kufunga mkanda wa cherehani. Mwaka 1907 alifungua duka lake mwenyewe la kuuza na kutengeneza cherehani. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1909, alikuwa na karakana ya ushonaji yenye wafanyakazi 32, iliyotoa makoti, suti na magauni kwa mashine ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezifunga na kuzirekebisha.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mkewe, Mary Anne Hassek, mshonaji mhamiaji kutoka Ulaya ya Kati ambaye walioana mwaka 1908. Ndoa kati ya Mweusi na mzungu ilikuwa jambo la nadra wakati huo, na katika majimbo mengi ya Marekani ilikatazwa kwa sheria. Wawili hao walijaliwa watoto watatu wa kiume na wakaishi pamoja kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka huo huo wa 1908 Morgan alishiriki kuanzisha chama cha Weusi wa Cleveland kilichopigania haki na maendeleo yao, akawa mweka hazina wake. Kwa hiyo hakuwa mtu asiyejua ubaguzi wala aliyejitenga na wenzake. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwani linasaidia kuelewa uzito wa uamuzi aliokuja kuuchukua baadaye katika biashara.

Fedha za kuanzishia kazi ya kofia zilitokana na tukio dogo ndani ya karakana. Sindano za cherehani zilizokwenda kasi zilikuwa zikipata joto na kuunguza nyuzi za sufu, na Morgan alikuwa akitafuta dawa ya majimaji ya kupunguza msuguano. Inasimuliwa kuwa siku moja alifuta mikono yenye dawa hiyo kwenye kipande cha kitambaa, na aliporudi akakuta nyuzi zilizokuwa zimejikunja zimenyooka.

Aliijaribu dawa hiyo kwenye manyoya ya mbwa wa jirani, kisha kwenye nywele zake mwenyewe. Mwaka 1913 akaanzisha kampuni ya kuuza dawa za kunyoosha nywele, ambayo wateja wake wakubwa walikuwa Weusi. Biashara hiyo ilimpatia kipato cha uhakika, na akapata uhuru wa kujaribu mambo ambayo benki isingekubali kuyakopesha.

Kabla ya hapo, Machi 25, 1911, moto ulikuwa umezuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York na kuua wafanyakazi 146, wengi wao wakiwa wasichana wahamiaji. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, na ngazi za zimamoto hazikufika ghorofa walizokuwamo. Inaelezwa kuwa maafa hayo yalimgusa sana Morgan, ambaye naye alikuwa na chumba kilichojaa cherehani, vitambaa na watu.

Tatizo aliloliona lilikuwa wazi. Askari wa zimamoto waliweza kufika penye moto, lakini moshi uliwarudisha nyuma kabla ya kuwafikia waliokwama ndani. Vifaa vya kupumulia vilikuwapo, kwani Mmarekani mwenzake, Lewis Haslett, alipata hataza ya kifaa cha aina hiyo tangu mwaka 1849, na mwanasayansi John Tyndall alitengeneza chake huko Uingereza katika miaka ya 1870. Si kweli basi, kama inavyodaiwa mara kwa mara, kuwa Morgan ndiye mtu wa kwanza duniani kubuni kinyago cha gesi.

Alichokifanya yeye ni kutengeneza kifaa chepesi na rahisi ambacho mtu angeweza kukivaa na kukivua haraka bila msaada wa mwingine. Kilikuwa kofia ya turubai iliyofunika kichwa chote hadi mabegani, yenye kioo mbele ya macho. Kutoka ndani ya kofia ilishuka mirija miwili mirefu iliyoungana nyuma ya mgongo na kuning'inia hadi karibu na sakafu.

Hesabu yake ilitegemea tabia ya moshi wenyewe. Hewa yenye joto hupanda juu na kubeba moshi, hivyo katika chumba kinachoungua hewa iliyo safi zaidi hubaki chini. Mrija uliivuta hewa hiyo ya chini, ikapitia kwenye sponji iliyoloweshwa maji ambayo ilinasa vumbi la moshi na kuipoza, kisha ikamfikia mvaaji. Hewa aliyoitoa ilipita katika njia nyingine yenye vali iliyozuia moshi kuingia.

Aliomba hataza mwaka 1912 na akapewa Machi 24, 1914. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alipata nyingine kwa ajili ya kofia iliyoboreshwa. Kwa mtu aliyetumia miaka karibu 20 kati ya sindano, nyuzi na mikanda, kofia ya turubai iliyoshonwa vizuri bila kuvujisha hewa ilikuwa kazi aliyoifahamu.

Mwaka 1914 ilianzishwa kampuni ya National Safety Device mjini Cleveland kwa ajili ya kutengeneza na kuuza kofia hizo. Wenye mitaji walikuwa wazungu. Morgan alikuwa meneja mkuu, na ndiye Mweusi pekee miongoni mwa viongozi wa kampuni. Aliwahimiza Weusi wenzake kununua hisa zilipokuwa zikiuzwa kwa dola 10, lakini walioitikia walikuwa wachache, na baadaye thamani ya hisa hizo ilipanda sana.

Kofia hizo zilipata sifa mapema. Mwaka 1914 zilipewa nishani ya dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya usalama na afya yaliyofanyika New York, na chama cha wakuu wa zimamoto nacho kikazitunukia. Vikosi vya zimamoto vya miji kadhaa vikaanza kuagiza.

Hapo ndipo kikwazo kikubwa kilipojitokeza. Kifaa cha kinga hununuliwa kwa imani, kwa sababu anayekivaa anauweka uhai wake mikononi mwa aliyekitengeneza. Katika Marekani ya wakati ule, hasa majimbo ya kusini ambako sheria ziliwatenganisha Weusi na wazungu hata katika mabomba ya maji ya kunywa, wakuu wengi wa zimamoto hawakuwa tayari kukiri kuwa Mweusi angeweza kutengeneza kitu cha kuwaokoa.

Morgan alilijua hilo na akaamua kulizunguka. Alipokwenda kusini kufanya maonyesho, mzungu mmoja alijitambulisha kwa hadhira kama ndiye mwenye kifaa. Morgan mwenyewe alivaa mavazi ya Wahindi Wekundu na kuitwa jina la uongo la Chifu Mason kutoka Canada, akawa kana kwamba ni msaidizi tu.

Moja ya maonyesho hayo lilifanyika New Orleans Oktoba 1914 na kuripotiwa na gazeti la mji huo. Ndani ya hema la turubai ulikokwa moto wa lami, salfa, fomalini na samadi, ukatoa moshi mzito ambao mtu wa kawaida asingeweza kuuvumilia hata dakika chache. Yule Chifu akavaa kofia, akaingia ndani na kukaa kwa takriban dakika 20, kisha akatoka akiwa mzima kabisa.

Watazamaji walishangilia na wanunuzi waliridhika. Mbunifu wa kifaa, mwenye hataza yake na meneja mkuu wa kampuni alikuwa amesimama mbele yao, akiwa amevaa manyoya kichwani, na hakuna aliyemjua.

Wapo wanaoweza kumlaumu kwa udanganyifu huo. Lakini chaguo alilokuwa nalo lilikuwa finyu. Kama angejitokeza kwa sura na jina lake, kofia zingebaki ghalani, na askari wa zimamoto wa miji hiyo wangeendelea kuingia kwenye moshi wakiwa wamejifunga vitambaa puani. Alichagua kifaa kiende mbele na yeye abaki nyuma.

Siri hiyo haikudumu. Usiku wa Julai 24, 1916 mlipuko mkubwa wa gesi asilia ulitokea ndani ya handaki lililokuwa likichimbwa chini ya Ziwa Erie ili kuipatia Cleveland maji safi kutoka mbali na ufukwe uliochafuka. Wafanyakazi waliokuwa zamu walinaswa chini, katikati ya matope, moshi na gesi.

Vikundi viwili vya uokoaji viliingia kimoja baada ya kingine bila kinga ya kutosha, na waokoaji wengi nao wakazidiwa na gesi. Saa zilizidi kupita. Katika usiku wa manane mtu mmoja aliyewahi kuona maonyesho ya Morgan akalikumbuka jina lake, na ujumbe ukapelekwa nyumbani kwake.

Morgan alimwamsha ndugu yake Frank, wakapakia kofia kwenye gari na kukimbilia ziwani. Inaelezwa kuwa aliondoka akiwa bado amevaa nguo za kulalia. Walipofika, wengi wa waliokuwapo walisita kujitosa baada ya kuona yaliyowapata waliotangulia. Ndugu hao wawili wakavaa kofia na kushuka, wakifuatana na watu wachache waliojitolea.

Walipanda na kushuka zaidi ya mara moja. Watu wawili walitolewa wakiwa hai, na miili minne ikapandishwa juu kabla maofisa hawajasimamisha kazi hiyo. Kwa jumla, maafa ya handaki hilo yaliua watu wapatao 20.

Mtu angetarajia kuwa baada ya usiku huo Morgan asingehitaji tena kujificha. Mambo yakaenda kinyume. Magazeti mengi yaliwasifu waokoaji wengine na kulipita jina lake. Mfuko wa Mashujaa wa Carnegie, ulioanzishwa mwaka 1904 kuwatuza raia wanaohatarisha maisha yao kwa ajili ya wengine, uliwatunuku watu wengine walioshiriki uokoaji huo na kumwacha yeye.

Mwaka 1917 Morgan alimwandikia Meya wa Cleveland, Harry Davis, kulalamikia namna alivyotendewa na kunyimwa stahili yake. Nishani aliyoipata ilitoka kwa kundi la wananchi wa mji huo, waliochanga fedha na kumpa medali ya dhahabu iliyopambwa kwa almasi.

Kibiashara, tukio hilo lilikuwa na pande mbili. Vikosi vya zimamoto vya miji mbalimbali vilisikia habari za kofia iliyofanya kazi pale ambapo njia nyingine zilishindwa, na maombi yakaongezeka. Lakini habari hizo hizo, pamoja na picha, ziliwafunulia wanunuzi wa kusini kuwa mwenye kofia ni Mweusi, na baadhi yao wakafuta oda.

Hasara ya uamuzi huo haikuishia kwa Morgan peke yake. Kila kofia iliyokataliwa kwa sababu ya rangi ya mtengenezaji ilimaanisha askari mmoja mzungu wa zimamoto aliyeachwa bila kinga mbele ya moshi. Ubaguzi uliokusudiwa kumdhalilisha Mweusi ulikuwa pia ukiwagharimu wale waliouendesha.

Wakati huo Ulaya ilikuwa vitani, na tangu Aprili 22, 1915, Wajerumani walipofungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, vinyago vya gesi vilikuwa vimekuwa sehemu ya vifaa vya kila askari. Maandishi mengi yamedai kuwa askari wa Marekani walikwenda vitani mwaka 1917 wakiwa na kofia za Morgan. Ukweli ni kwamba vinyago vyao vilifuata zaidi muundo wa Waingereza, wenye kopo la mkaa na kemikali za kuchuja sumu.

Sababu yake inaeleweka. Kofia ya awali ya Morgan ilitegemea hewa ya chini, ambayo ni salama katika moto wa kawaida. Klorini ni nzito kuliko hewa na hutambaa ardhini, na sponji yenye maji haiwezi kuondoa kila aina ya sumu. Kutambua mipaka hiyo hakupunguzi heshima yake, kwani kifaa chake kilibuniwa kwa ajili ya moshi, na penye moshi kilifanya kazi.

Morgan hakuishia kwenye kofia. Mwaka 1920 alianzisha gazeti la Cleveland Call kwa ajili ya Weusi wa mji huo, ambalo baadaye liliunganishwa na jingine na kuwa Call and Post. Kwa mtu ambaye magazeti yalimpita kana kwamba hakuwapo ziwani, hatua hiyo ilikuwa na maana ya pekee.

Alikuwa pia miongoni mwa Weusi wa kwanza kumiliki gari mjini Cleveland, na inasimuliwa kuwa ajali aliyoishuhudia kwenye makutano ya barabara ndiyo iliyompa wazo la kifaa kingine. Novemba 20, 1923 alipata hataza ya mnara wa kuongozea magari wenye mikono ya ishara na hatua ya tatu ya kusimamisha magari ya pande zote, ili makutano yawe wazi kabla upande mwingine haujaruhusiwa.

Hapa pia sifa zimezidishwa wakati mwingine, kwani taa za umeme za kuongozea magari zilikuwapo Cleveland tangu Agosti 1914. Mchango wa Morgan ulikuwa ile hatua ya tatu ya tahadhari, na inaelezwa kuwa kampuni ya General Electric ilinunua haki za kifaa hicho kwa dola 40,000, fedha nyingi sana kwa wakati huo.

Mwaka 1931 aligombea udiwani wa Cleveland kama mgombea binafsi, akashindwa. Kuanzia mwaka 1943 ugonjwa wa presha ya macho ulimpunguzia uwezo wa kuona hadi akakaribia upofu, lakini aliendelea kubuni vitu. Miongoni mwa kazi zake za mwisho ni sigara yenye kidonge kidogo cha maji, iliyokusudiwa kujizima yenyewe ili isiwe chanzo cha moto mvutaji anaposinzia.

Garrett Morgan alifariki dunia Julai 27, 1963 mjini Cleveland akiwa na umri wa miaka 86, na akazikwa katika makaburi ya Lake View. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 28, watu wapatao 250,000 waliandamana mjini Washington kudai haki sawa kwa Weusi.

Heshima aliyonyimwa akiwa hai ilikuja polepole. Mwaka 1991 mji wa Cleveland uliupa mtambo wake mmoja wa kusafisha maji ya Ziwa Erie jina la Garrett Morgan, na mwaka 2005 aliingizwa katika orodha ya taifa ya wabunifu mashuhuri wa Marekani. Jina ambalo zamani lilifichwa ili kofia ziuzike, sasa limeandikwa wazi kwenye jengo linalowapatia maji wakazi wa mji aliouhudumia.